Nimelipa laki tatu na nusu kulala nyumba ya fito na udongo, tena Uingereza

Wakuu habari zenu, na wanyalukolo wenzangu kamwene. Mi ni seremala, karakana yangu iko Mafinga, kwaiyo hii rivyu isomeni mkijua anaeandika sio mtu wa utalii ni mtu wa mbao, ukinipeleka kanisani naangalia kenchi kwanza afu ndo namtafuta padri. Mdogo wangu wa kike ni nesi Uingereza mwaka wa sita huu, mwaka jana akajifungua, mama akasema kwenye ndege hapandi peke yake hata kwa fimbo, ndo nikajikuta na mimi nimekaa wiki tatu kwenye mji unaitwa Shrewsbury. Msiniulize unatamkwaje. Wenyeji wenyewe wako wanaosema Shruzbri na wako wanaosema Shrozbri, na kila upande unawaona wenzao ndo wamekuja juzi.

Sasa kichanga kikawa hakilali na nyumba ya shemeji ni vyumba viwili, usiku wa nne mdogo wangu akanihurumia, akasema kaka we si unapenda mbao, ngoja nikubukie usiku mmoja gesti ya zamani katikati ya mji afu kesho yake uende na wale watembezaji wakuoneshe majengo. Akataka kulipa yeye, nikakataa, mi ndo mkubwa bwana. Baadae nilipoona bei nikajuta kidogo ila neno lilikua limeshatoka. Paundi 105. Pigeni hesabu wenyewe, ni kama laki tatu na nusu ya kwetu, usiku mmoja, chai ya asubuhi ikiwemo. Jina la gesti silitaji maana kuna mambo ntayasema.

Mji kwanza. Umekaa juu ya kilima afu mto Severn umeuzunguka karibu pande zote, kimebaki kishingo tu upande mmoja na kwenye hicho kishingo ndo wazee wao walijenga ngome ya mawe mekundu, na kituo cha treni cha 1848 kiko hapohapo chini yake. Ukiingia kwa daraja la English Bridge unaanza kupanda mtaa unaitwa Wyle Cop, unapanda unapinda, na we mtu wa Iringa miguu yenyewe inakumbuka, ni kama umeshushwa na basi Ipogolo pale chini afu unapandisha mjini kwa mguu, tofauti ni kwamba huku hamna bodaboda wa kukuonea huruma. Nilienda Oktoba. Baridi ni ya Makete ila yenye maji, inaingia kwenye mifupa inapanga chumba.

Gesti sasa. Kwa nje ni zile nyumba mnaziona kwenye kalenda, mbao nyeusi na ukuta mweupe katikati, ghorofa ya juu imetokeza mbele kuipita ya chini na inayofuata imetokeza tena, yani nyumba imeinamia barabara kama mtu anaechungulia kisima. Mwenye duka la chini anauza sabuni za kunukia. Kwenye simu yangu kuna programu ya pimamaji, nikaiweka kwenye sakafu ya chumba nikacheka peke yangu. Mama alikua kanifungia machungwa mawili, nikaweka moja chini likaondoka lenyewe taratibu mpaka uvunguni mwa kabati. Kitanda wamekiwekea vipande vya mbao miguu ya upande mmoja ndo kilale sawa, na mlango wa kabati umekatwa mshazari kufuata ukuta, na hapo nikaanza kumheshimu fundi aliyefanya marekebisho maana kukata mlango mshazari afu ufunge vizuri ni kazi kuliko kukata ulionyooka, vijana wangu wa karakana ningewapa hiyo oda wangeniuliza mzee unajisikiaje.

Kero zipo na nazisema. Ngazi ni nyembamba na zinapinda, begi nililipandisha kwa bega kama gunia la viazi. Hita inaunguruma usiku kucha na joto halifiki kitandani. Jamaa wa chumba cha juu akigeuka tu nyumba nzima inajua kageuka upande gani. Asubuhi wanakupa mayai, soseji, uyoga, na maharage ambayo wameyatia sukari, mama nilipomsimulia alishika shavu akanyamaza. Kubwa kuliko yote ni boriti ya kuingilia bafuni, iko usawa wa paji la uso la mtu wa kawaida, na mimi sio mrefu. Wameweka kibao cha kuonya uchunge kichwa, kidogo, kimepigiliwa kwenye boriti yenyewe, kwaiyo ili ukisome inabidi uwe umeshafika. Saa nane usiku naenda kujisaidia nikaifikia. Kibao nilikisoma asubuhi.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote kiko kwenye korido ya ghorofa ya kwanza. Pale ukutani wameacha kidirisha cha kioo ambacho hakiangalii nje, kinaangalia ndani ya ukuta. Na taa wameweka. Nikasogea nikachungulia nikaona fito zimesukwa kama tenga, juu yake udongo umekandikwa, na ndani ya udongo unaona kabisa majani makavu yamechanganywa. Nikasimama pale muda mrefu mpaka kijana wa mapokezi akaja kuniuliza kama nina shida. Nikamuuliza hii ni nini, akanieleza kwa fahari zote, udongo wa mfinyanzi, majani, na akashusha sauti kidogo kama ananipa siri, kinyesi cha ng'ombe, vinakanyagwa kwa miguu mpaka vishikane. Kijana wangu, siri gani hiyo, bibi yangu alisiriba nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe kila mwaka na hakuna mtu aliyewahi kumuwekea taa.

Babu yangu Kiponzelo alikua na tembe. Wale wa umri wangu mnayajua, miti inasimamishwa, fito zinafungwa, udongo unakandikwa, na juu paa la bapa nalo limebebeshwa udongo. Baba alilibomoa tulipopata bati, na siku ile tulishangilia, mi mwenyewe nilibeba bati moja kichwani kutoka barabarani najiona mtu mkubwa. Na sidanganyi, tembe lilikua linavuja na panya walikua na ukoo wao mle ndani, sililii sana. Ila kwa maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu akisema pale palikua na ufundi. Nyumba ya udongo kwetu ni neno la kumtambulisha maskini, ukiulizwa kwenye fomu ukuta wa nini unatamani kuandika kingine. Na hapa nimetoka Mafinga mpaka Uingereza nalipa laki tatu na nusu kulala ndani yake na nimegongwa na boriti juu.

Tusidanganyane pia, sio kitu kimoja. Sisi mti tunauchomeka ardhini, mchwa wanafurahi, baada ya miaka michache unaanza upya. Wao miti yote imesimama juu ya msingi wa mawe, haigusi udongo, na mchwa kule hawana, wanao wadudu wa kutoboa mbao lakini hao wanakula polepole kama mstaafu. Na mti wenyewe ni mwaloni. Mi nauza paini ya Sao Hill, mti unavunwa una miaka ishirini hivi, laini, bila dawa haufiki popote, mwaloni wa boriti kubwa ni mti uliopandwa na babu ukakatwa na mjukuu. Ule mwaloni walikua wanaufanyia kazi ukiwa mbichi, maana ukikauka ni chuma, patasi inalia. Kwaiyo wanakata, wanaunganisha, wanasimamisha, afu mti unakaukia ukiwa tayari ni nyumba, unajikunja unajivuta, ndo maana zile nyumba zote zimepinda. Niliposikia hivyo chungwa langu nikalisamehe.

Na hakuna msumari kwenye fremu. Nimeangalia kila kona ninayoweza kuifikia bila kuitwa polisi. Ni ulimi na tundu, yani ncha ya mti huu imechongwa ikaingia kwenye tundu la mti ule, afu kigingi cha mti kinapita katikati, na ujanja uko hapa mafundi sikilizeni, tundu la kigingi kwenye ulimi halilingani na la kwenye boriti, limesogezwa kidogo makusudi, kwaiyo ukipiga kigingi kinavuta ulimi ndani unakaza wenyewe. Kadiri unavyopiga ndivyo inavyobana. Pia kwenye boriti unakuta alama zimekwaruzwa, mistari kama namba za Kirumi, ni za fundi, maana fremu nzima walikua wanaitengeneza chini uwanjani, wanaipa kila mti namba yake, wanaifungua, wanaenda kuisimamisha saiti. Yani hawa watu miaka mia nne na kitu iliyopita walikua wanafanya nyumba za kuunganisha kama kitanda cha dukani. Mi nilipiga picha zaidi ya mia ya viungo tu, mdogo wangu aliniuliza kaka hata picha moja yako mwenyewe huna?

Matembezi ya asubuhi sasa. Tulikutana uwanja unaitwa The Square, watu kama kumi na mbili, anaetuongoza mama wa miaka sabini hivi, ana koti la mvua na fimbo na anatembea kutuzidi wote. Huyu nampa alama zote. Haongei kama karedio, ukimuuliza anasimama anafikiri ndo anajibu, na alipojua mi ni seremala akawa kila nyumba ananiita mbele, njoo fundi tazama hapa, Wazungu wengine wakaanza kuniuliza mimi. Mdogo wangu alikuja kunitafsiria akaishia kubeba mtoto na kulalamika baridi.

Katikati ya mji majengo yaliyoandikishwa na serikali kwa kulindwa ni zaidi ya 600. Mitaa ina majina ya biashara zake, Butcher Row ni wa nyama, Fish Street wa samaki, Milk Street wa maziwa, kama sisi Iringa tulivyo na Kitanzini, jina ambalo halihitaji mkalimani. Kuna vichochoro vya kupenya kati ya nyumba na nyumba, vingine mtu mnene na kikapu havipatani. Pale Butcher Row kuna nyumba ya miaka ya 1450 inaitwa Abbot's House, chini ilijengwa kwa ajili ya maduka tangu siku ya kwanza, fremu za biashara kabisa, tena madirisha mapana ya kupangia bidhaa yenyewe bado yapo. Yani mwenye nyumba alikua anajenga fremu za kupangisha kama mwenye kiwanja yeyote wa barabara ya Mafinga. Pale High Street ndo majumba ya matajiri wa sufu na vitambaa, Ireland's Mansion upande huu na Owen's Mansion ya 1592 upande ule, yanaangaliana kama wenye mabasi wawili wa njia moja, huyu akiweka madirisha matatu yule anaweka urembo hadi kwenye kona. Hapo ukipiga picha piga na shingo, mambo yote yako juu, chini saivi ni maduka ya simu na viatu.

Kitu kimoja yule mama alisema kikanichekesha, kwamba ile rangi nyeusi na nyeupe ambayo dunia nzima inaijua sehemu kubwa ni fasheni ya miaka ya 1800. Zamani mwaloni waliuacha ujikalie hivyohivyo unageuka kijivu, na ukuta unapakwa chokaa. Kwaiyo kalenda zote zile ni mekapu. Na akasema kosa baya kuliko yote ni mtu anaeziba ukuta wa namna hiyo kwa simenti, maana chokaa inapumua na simenti haipumui, maji yanaingia yanakosa pa kutokea, mbao inaoza kimyakimya ndani huku nje panang'aa. Hii hata kwetu ipo, nyumba ngapi za tofali mbichi mmeona zimepigwa plasta ya simenti, baada ya misimu miwili plasta imebanduka kipande kizima kama ganda la yai na imeondoka na udongo wake.

Hadithi niliyoipenda kupita zote ni ya kanisa. Kulikua na kanisa la zamani la Mtakatifu Chad, mnara wake mkubwa, paa likawa linavuja. 1788 wakamuita Thomas Telford, baadae alikuja kuwa mtu mkubwa wa madaraja na barabara lakini wakati ule bado ni kijana wa kazi. Akaangalia akawaambia wazee wa kanisa jamani achaneni na paa, huu mnara wenyewe unakuja chini, kuta zimepasuka na pembeni mmechimba kaburi mmeulegeza. Wazee wakamcheka. Wakasema fundi anatafuta kazi. Siku tatu baadae mnara ukashuka alfajiri ukaondoka na kanisa. Hii nimeisimulia karakana mara nne sasa na kila fundi anaejua ninachosema anapiga goti kwa kucheka, maana nani hajawahi kuambiwa fundi unatafuta kazi? Nani hajamwambia mteja bosi hizi kenchi haziwezi kubeba vigae, akajibiwa we piga tu? Kanisa jipya la 1792 wakalijenga sehemu nyingine, la duara, zuri, ndo alipobatizwa Charles Darwin aliyezaliwa mjini humo 1809. Sanamu yake iko mbele ya maktaba kakaa kwenye kiti anatazama watu. Darwin nilimpita haraka. Kile kipande cha kanisa la zamani kilichobaki kimesimama peke yake kwenye makaburi ndo nilikaa nacho.

Mwisho wa matembezi mnarudi The Square na hapo katikati ndo liko Soko la Kale, Old Market Hall, la mawe, 1596. Chini ni wazi, matao tu, wauza nafaka walikua wanakaa humo mvua isiwanyeshee mahindi, sorry, ngano, na juu ni ukumbi wa wafanyabiashara wa vitambaa vya sufu vilivyokua vinatoka Wales. Kwenye nguzo moja kuna matundu madogo yamechimbwa kwenye jiwe, ilikua daftari, unachomeka kijiti kwa kila hesabu ili mtu asije kukukana baadae. Nikaweka kidole humo. Jengo limeshakua soko, limekua mahakama, na saivi juu ni sinema ndogo yenye mgahawa. Nilipanda nikaagiza chai na keki, siti nzuri, wahudumu hawakuharakishi, waifai ipo, watoto wanaruhusiwa, mdogo wangu akanyonyesha pale dirishani bila mtu kumkodolea macho. Filamu sikuangalia, ilikua ya mapenzi na tiketi ni bei ya mbao. Chai yenyewe kahawia nzuri, nikaamua kichwani mwangu imetoka Mufindi, wala sikuuliza nisije nikaharibu starehe.

Hapo nje kuna sanamu ya Robert Clive, yule wa kampuni ya kuitawala India, wenyewe walishabishana kama ibaki au iondoke, ikabaki. Mi na historia yetu ya Mkwawa, kichwa chake kilikaa Ujerumani mpaka 1954 ndo kikarudi Kalenga kwenye makao yake ya zamani, nilimtazama yule bwana wa shaba kama mtu ninayejua ndugu zake.

Sasa mtanishangaa, jengo nililolipenda kwa kula ni lile wenyewe wanaloliona baya. Soko lao la sasa ni la 1965, matofali na zege, mnara wa saa umechongoka kama bomba la kiwanda, wakati kabla yake palikua na soko la zamani la kifahari likavunjwa. Yule mama akilitaja anakunja uso. Lakini ingia ndani! Wauza jibini, wauza nyama, vitambaa, sahani za zamani, vimeza vya chakula watu wamebanana, soko hilo limeshachaguliwa soko linalopendwa kuliko yote Uingereza zaidi ya mara moja. Kelele zake na harufu zake nikajisikia niko Soko Kuu Iringa, akakosekana tu yule dada wa pale mlangoni anaeniitaga baba njoo uonje parachichi. Nilikula mara tatu kwa siku tofauti na sikugonga kichwa hata mara moja.

Kilichonikaa rohoni ni la sheria. Nilimuuliza yule mama mwenye nyumba akichoka na hivi vidirisha akaweka alumini? Akasema anaenda mahakamani. Jengo likishaandikishwa, na huo utaratibu wanao toka 1947, hugusi kitu bila kibali, ni kosa la jinai, hata mlango, hata ngazi za ndani. Sio watu wote wanafurahi, yule kijana wa mapokezi alinung'unika kwamba dirisha moja walisubiri kibali miezi na linaingiza upepo, na upepo huo ndo ulikua unalala na mimi.

Nikajikuta nawaza milango. Mwaka juzi nililetewa karakana milango miwili ya mninga, imetolewa kwenye duka la zamani pale Iringa mjini, yale ya baraza mbele, mwenye nyumba anaweka vioo na alumini ipendeze. Milango mizito, ya panel, bawaba za shaba, viungo vya ulimi na kigingi, hamna msumari. Akaniambia fundi ichane unitengenezee viti vya ofisi. Niliichana. Pesa ni pesa na ada za shule zilikua mlangoni, ila msumeno ulivyokua unapita pale kwenye kiungo nilizima mashine mara mbili najifanya naangalia bleidi. Kule Shrewsbury mimi na yeye wote tungekua kizimbani. Kwetu sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalilinda lenyewe jengo la kabla ya 1863, la baada ya hapo mpaka litangazwe, na Iringa mjini Wajerumani walianza kuijenga baada ya kuivunja Kalenga 1894. Hesabu rahisi, hakuna duka la zamani pale mjini linalolindwa kwa umri wake tu.

Boma la Iringa tunalo lakini, na niliporudi nilienda makusudi, sikuwahi kuingia na nimepita mbele yake miaka thelathini. Walijenga Wajerumani kama hospitali, likaja kuwa ofisi, toka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ukuta mnene, ndani kuna ubaridi mzuri, vitu vya Wahehe vimepangwa vizuri, na mahali wameeleza mambo ya nyumba nikasoma mpaka mwisho nikiwa nimeinamisha kichwa kwa mazoea, wakati dari iko juu kabisa. Kijana wa pale aliniuliza natokea nchi gani. Nikamwambia Mafinga. Nendeni, kiingilio cha Mtanzania hakiumizi.

Kwa atakayefika Shrewsbury, maana najua watoto wetu wengi wako huko kwenye kazi za kulea wazee na hospitali: chukua treni kutoka London ubadilishe Birmingham, vaa soksi mbili, viatu visivyoteleza maana mawe ya vichochoroni yakilowa ni sabuni. Matembezi na yule mama msiyakose, mpe na chochote mkononi mwishoni. Chai nywea Soko la Kale, chakula kula soko jipya. Gesti ya aina ile lala usiku mmoja, mmoja tu, lala karibu na kile kidirisha cha korido, na chungwa nenda nalo. Kama una zaidi ya futi tano na nusu lala kwa ndugu.

Gesti naipa nyota nne. Ya tano nshaiona tayari, saa nane usiku, mlangoni mwa bafu.